Kabla Hujampa Mtu Ua

Ukimpelekea mtu kanga, jina la kanga hiyo, yaani msemo wake, limechapwa na kila ajuaye kusoma atalisoma. Ua halina jina. Maneno yake huandikwa na yule anayelipokea, kwa kufuata desturi za kwao, dini yake, umri wake na yaliyomfika wiki ile. Wewe uliyelinunua huna usemi. Krisanthemamu nyeupe zilizopamba meza ya maharusi Nairobi, ukimpelekea mama mwenye nyumba wako mjini Paris, atakuuliza nani kafa.

Kwa hiyo usitarajie hapa jedwali la kubandika ukutani, nyekundu ni hili na njano ni lile. Rangi nitazigusa, maana hazikwepeki, lakini kazi kubwa ya mtoa ua ni kumjua mpokeaji. Na kuna jambo ambalo majedwali ya wageni hayaligusi kabisa: kwetu, hasa mwambao, ua lilisema kwa harufu kabla halijasema kwa rangi. Ukilisahau hilo utatoa pesa nyingi ununue ua bubu.

Rangi zilikopata maneno yake

Orodha za maana za maua zinazozunguka kwenye simu kila Februari zina historia ya kuchekesha. Lady Mary Wortley Montagu, mke wa balozi wa Uingereza katika dola ya Uthmaniya, aliishi huko mwaka 1717 na 1718, na katika barua zake aliwasimulia Waingereza namna wapenzi wa Istanbul walivyopelekeana ujumbe bila kuandika. Ndani ya kifuko kimoja alichokieleza mlikuwa na lulu, karafuu, sabuni, kipande cha mkaa, waridi, mdalasini na vitu vinginevyo, na kila kitu kilikuwa na maneno yake. Barua hizo zilichapishwa mwaka 1763, baada ya yeye kufa, na Ulaya ikashika jambo moja tu: kwamba Mashariki maua yana lugha ya siri.

Kumbe haikuwa lugha ya maua. Ulikuwa mchezo wa vina. Jina la kitu liliitikiana na ubeti wa mapenzi, na aliyepokea alitakiwa kuukumbuka ubeti wenyewe. Mswahili aliyekulia kwenye mashairi angeuelewa mchezo huo mara moja na kumjibu mwenzake papo hapo. Wazungu walipoutoa kwenye lugha yake, vina vilikufa, likabaki ua na maana iliyoning'inia hewani. Mwaka 1819 mwandishi aliyejiita Charlotte de Latour alitoa kitabu cha lugha ya maua mjini Paris. Waingereza wakaiga kwa bidii, na mwaka 1884 Kate Greenaway akatoa chake chenye michoro, ambacho bado kinachapishwa. Vitabu hivyo havikubaliani. Katika cha Greenaway waridi la njano ni wivu na mapenzi yanayopungua. Ingia duka lolote la maua leo uulize, utaambiwa njano ni urafiki.

Yaliyobaki hai katika mambo yote yale ni machache, na haya yanatosha. Waridi jekundu ni mapenzi ya mwanamume na mwanamke, na hakuna mjini asiyelijua hilo, kwa hiyo usimpe bosi wako, wala mke wa rafiki yako, wala mwalimu wa mtoto, hata kama ndilo lililobaki dukani. Jeupe ni la harusi na ni la msiba. Kinacholitofautisha ni namna lilivyofungwa na mlango linakoingia. Waridi la rangi ya waridi, ile nyekundu iliyofifia, ni shukrani na upole, na ndilo salama kuliko yote kwa mama, dada, shangazi na mwenzako wa kazini. Njano mpe rafiki mnayetaniana, au changanya na alizeti mbili tatu na hakuna atakayekumbuka wivu wa Waingereza. Maelezo mengine ya rangi, kwamba zambarau ni mapenzi ya ghafla na ya chungwa ni hamu, ni maneno ya kuuzia. Muuzaji ana haki ya kuyasema. Wewe si lazima uyalipie.

Pwani: pua hutangulia jicho

Ukitaka kuona ua likisema hasa, nenda Unguja, Pemba, Lamu au Mombasa, mahali ambapo wanawake walikuwa wakitunga asumini vizazi vingi kabla ya duka la kwanza la maua yaliyofungwa kwa karatasi ya kung'aa. Matumba ya asumini huchumwa alasiri yakiwa bado yamefumba. Yakitungwa kwenye uzi wakati huo hufunguka taratibu jioni, yakanukia usiku kucha, na kukikucha yameanza kuwa kahawia. Saa zake ndizo zilizoipa maana. Ua linaloamka watu wanapoingia ndani haliwezi kuwa la ofisini. Asumini ni ya nyumba, ya nywele zilizosukwa, ya chumba na ya kitanda cha maharusi ambacho hunyunyiziwa maua hayo kabla bwana harusi hajaingia.

Kwa hiyo kanuni ni nyepesi. Wewe ni mume? Rudi nyumbani magharibi na asumini zilizofungwa kwenye jani la mgomba, na kadi huihitaji. Ni ujumbe wa kale, unaeleweka, na bei yake haikaribii ya shada la dukani. Wewe si mume? Usijaribu. Mwanamume akimpa asumini mwanamke asiye wake amesema jambo kubwa, na mbele ya wazee wa mtaa amelisema kwa sauti. Mwanamke kumpa mwanamke mwenzake ni jambo jingine kabisa: shoga kwa shoga, wifi kwa wifi, shangazi kwa bibi harusi, hakuna anayeshtuka.

Ndugu yake asumini ni kikuba. Hicho ni kishada kidogo kinachofungwa kwa uzi, ndani yake mna asumini, majani ya mrehani, vipande vya mkadi, pengine na petali za waridi au langilangi, na mwanamke hukibandika kifuani au hukichomeka nywelini. Kila fungu lina kazi. Asumini ni utamu, mrehani huleta ukali kidogo ili utamu usichoshe, na mkadi una harufu nzito inayokaa baada ya vingine kuchoka. Anayejua kufunga kikuba hupima kwa pua, na kina mama wazuri wa kazi hiyo hutafutwa siku mbili kabla ya harusi. Ukiagiza kikuba cha zawadi, sema ni cha nani. Cha mwari hakifungwi kama cha bibi mzaa mama, na mfungaji ataujua uwiano bila wewe kumfundisha.

Langilangi lenyewe huanza kijani na huwa halina maneno mpaka ligeuke manjano. Ukinunua la kijani umenunua mapambo. Wakomoro hulipika wapate mafuta yanayokwenda kwenye viwanda vya manukato duniani, nasi tunalichuma uani. Kisha kuna kilua. Mkilua ni kichaka cha misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, ua lake halina sura ya kujivunia, lakini weka moja kwenye sanduku la nguo uone. Wataalamu wa mimea walipoupa jina la kisayansi mwaka 1970 waliuita Mkilua fragrans, jina la kwanza wamelichukua kwetu lilivyo. Kwa mtu wa makamo aliyekulia pwani na sasa anaishi Dodoma au Toronto, ukifika na kilua kilichofungwa kwenye leso hutakuwa umempa ua. Utakuwa umempa nyumba ya bibi yake.

Waridi nalo, pwani lilizoeleka zaidi likiwa maji. Marashi ya waridi hunyunyizwa kwa mrashi harusini na kwenye maulidi, wageni wakakinga viganja. Biashara hiyo imefungamana na Bara Arabu. Hadi leo wakulima wa Jabal Akhdar, Oman, huchuma mawaridi kila majira ya kuchipua na kuyapika wapate maji yake. Hili likumbuke kwa ajili ya mtu mgumu kumpatia zawadi: mzee wa Kiislamu, mwalimu wa madrasa, mama mkwe ambaye bado hamjazoeana. Shada la maua litamfanya atafute pa kuliweka. Chupa ya marashi mazuri ataifungua mbele yako.

Jambo la mwisho kuhusu harufu, na hili hulisahau hata wenyeji. Mwanamke wa Kiislamu aliyefiwa na mume hukaa eda miezi minne na siku kumi, na katika kipindi hicho hajipambi wala hajitii manukato. Usimpelekee asumini, kikuba, udi wala marashi, hata kama nia yako ni kumfariji na hata kama ndiyo aliyoyapenda siku zote. Mpelekee sukari, mchele na muda wako. Eda ikiisha, hapo kikuba cha kwanza kikitoka kwako kitakuwa na uzito ambao shada la msibani haliupati.

Bara: shada, sale na karatasi zinazometa

Bara hali ni nyingine. Mtu mzima wa Njombe au Machakos anaweza kuishi miaka hamsini bila kupewa ua hata moja, kisha akapewa mashada ishirini siku ya kuzikwa. Ndiyo sababu wazee wengi hawajui wafanye nini na ua wakiwa hai. Wameliona makaburini tu. Mzee wa namna hiyo ukimletea shada la duara lililofungwa utepe mweupe siku yake ya kustaafu, usishangae akikutazama vibaya. Umbo ndilo linalomtisha. Mletee maua yaliyosimama kwenye chombo, yenye rangi za kuchangamka, au mche uliopandwa kwenye chungu autie bustanini. Vijana wanasema mtu apewe maua yake angali hai. Sawa, lakini yasiwe na sura ya yale ya kaburini.

Kwenye mahafali, kitu kinachovishwa shingoni siku hizi ni shada la karatasi zinazometa au maua ya plastiki. Wapo wanaolidharau. Mimi siwalaumu kina mama wanaolinunua getini, kwa kuwa maana yake iko wazi kuliko ya waridi lolote: huyu ni wetu, na amemaliza. Limetimiza kazi yake mara tu picha inapopigwa.

Lakini lugha ya mimea yenye nguvu kuliko zote ninazozijua bara wala si ya ua, ni ya jani. Wachagga wa Kilimanjaro wana sale, mmea wa jamii ya drasina ambao hupandwa kwenye mipaka ya vihamba, yaani mashamba ya ukoo, na penye makaburi ya wakubwa. Mtu aliyekosea akitaka suluhu hupeleka jani la sale, mwenyewe au kwa mjumbe, na aliyekosewa akipelekewa sale ni vigumu sana kukataa kusikiliza. Hapo hakuna rangi ya kuchagua wala bei ya kuulizia. Mtu anasema nimekosa, kwa kitu ambacho kimeota nje ya nyumba zote mbili.

Hili lina funzo la vitendo. Wauza maua hupenda kuchomeka majani marefu ya drasina nyuma ya shada ili lionekane limejaa. Kwa watu wengi ni pambo tu. Kwa mama mkwe Mchagga wa Marangu mwenye umri wake, jani lile linaweza kumfanya akuulize taratibu, umefanya nini. Waambie wayatoe. Ila kama kweli umefanya jambo, basi usiende dukani kabisa: tafuta sale, tafuta na mtu mzima wa ukoo wa kwenda nawe.

Kwa marafiki Wahindu wa Mombasa, Dar es Salaam au Kampala, utaona maua ya njano na ya chungwa yametungwa milangoni wakati wa Diwali. Ukitaka kuwapelekea mkufu wa maua ujue kitu kimoja: ua linalokwenda kutolewa mbele ya mungu halinuswi kwanza. Mkabidhi mwenye nyumba kama ulivyolinunua, uache pua yako nje ya jambo hilo.

Msibani na wodini

Msiba wa Kikristo mjini una utaratibu wake na ni vizuri ukiujua kabla hujafika. Mashada huwekwa kaburini kwa zamu ambazo mshereheshaji huzisoma: mjane au mgane, watoto, wajukuu, ndugu, majirani, wafanyakazi wenzake. Ukifika na shada lako, likabidhi kwa kamati mapema na useme linatoka kwa nani, ama sivyo litawekwa pembeni na zamu yenu itapita. Mkiwa ofisi moja au chama kimoja, shada moja la pamoja lenye utepe ulioandikwa jina la kundi lina heshima kuliko mashada saba ya watu binafsi wanaosukumana kwenye udongo. Pesa zinazobaki zitieni kwenye rambirambi. Nyeupe haikosei kamwe. Nyekundu iache kwa mwenzi wa ndoa. Akiweka mtu mwingine waridi moja jekundu kaburini, maswali yatafuata, na marehemu hayupo wa kuyajibu.

Kuhusu maua ya plastiki, watu hubishana. Kaburi lililo mjini linaloweza kutembelewa kila wiki linastahili maua hai. Kaburi lililo kijijini, mahali ambapo familia itarudi Desemba, acha liwe na yanayodumu. Huo si ubahili.

Kwa msiba wa Kiislamu usipeleke shada. Mazishi yenyewe ni ya haraka, mara nyingi siku hiyo hiyo, na hakuna zamu ya kuweka maua. Nenda tu, ukae na watu.

Kwa mgonjwa, tatizo la kwanza wala si maana. Hospitali nyingi haziruhusu maua kwenye chumba cha wagonjwa mahututi, na wodi nyingine hazitaki maji yaliyosimama karibu na vidonda. Uliza kwanza. Ukiruhusiwa, hapa ndipo ua bubu linapofaa kuliko linalonukia: mawaridi ya dukani yasiyo na harufu, jebera za rangi mbalimbali, alizeti. Kichefuchefu na yungiyungi lenye harufu kali havikai chumba kimoja. Kwa mama aliyejifungua vivyo hivyo, epuka manukato karibu na mtoto, na usifike na maua peke yake kwenye nyumba ambayo inahitaji mtori, supu na mtu wa kufua nepi.

Ukiwa ughaibuni, au ukimtumia mtu aliyeko huko

Hapa makosa huwa ghali kwa sababu hakuna atakayekusahihisha. Watatabasamu tu. Krisanthemamu ndiyo ya kwanza kuogopwa: Ufaransa, Italia na Poland watu huzipeleka makaburini Novemba mosi, siku ya Watakatifu Wote, na hazina kazi nyingine kubwa akilini mwao. Japani nako nyeupe ni za msiba. Ya pili ni hesabu. Urusi na nchi nyingi za Ulaya Mashariki mtu aliye hai hupewa idadi isiyogawanyika kwa mbili: moja, tatu, tano, saba. Maua manne au sita ni ya jeneza. Mwanafunzi wetu aliyeko Moscow, akizoea kwamba dazeni ndiyo ukamilifu, anaweza kumharibia mwenyeji wake sikukuu nzima. Mwambie muuzaji ni zawadi, atahesabu mwenyewe. Japani nne huepukwa, kwa kuwa sauti yake inafanana na ya kifo, na mgonjwa hapelekewi ua la chungu lenye mizizi, wasije wakaona unamwombea ugonjwa nao uote mizizi. Mche ule ule niliokushauri kumpa mzee wa Njombe, huko ni mkosi.

Si yote ni ya kuogopa. Italia, tarehe 8 Machi, wanawake hupewa matawi ya mimosa ya njano, desturi iliyoanza mwaka 1946 kwa kuwa mimosa huchanua wakati huo na haikuwa ghali kwa watu waliotoka vitani. Ufaransa, tarehe mosi Mei, watu hupeana vijitawi vya maua madogo meupe yenye umbo la kengele kwa kutakiana heri, na unaweza kumpa jirani, dereva au mwenye duka bila kusingiziwa lolote. Marekani, Anna Jarvis alipoandaa ibada ya Siku ya Mama mwaka 1908 huko Grafton, West Virginia, alituma karnesheni nyeupe kwa sababu ndizo mama yake alizozipenda. Baadaye ikazoeleka kuvaa nyeupe kwa mama aliyefariki na ya rangi kwa mama aliye hai, kwa hiyo mama wa Kimarekani mwenye umri mkubwa mpe ya rangi. Jarvis mwenyewe alimaliza maisha akigombana na wafanyabiashara wa maua waliomgeuzia siku yake kuwa soko, jambo linalomfanya nimpende zaidi.

Na kokote uendako, nyumba yenye paka usiipelekee mayungiyungi ya dukani, yale makubwa yenye petali zilizojikunja. Chavua yake tu paka akiilamba inaweza kumharibia figo akafa.

Dukani, na baada ya dukani

Mawaridi mengi unayoyaona mjini yametoka Naivasha, au mashamba ya Arusha, au pembezoni mwa Ziwa Viktoria upande wa Uganda. Yamezalishwa kwa ajili ya safari ndefu ya kwenda Ulaya, na waridi linalochaguliwa kwa kudumu ndani ya chombo siku kumi mara nyingi huwa limepoteza harufu njiani katika vizazi vyake. Ndiyo maana nilisema ua bubu. Si baya, ila ujue unanunua rangi. Ukitaka liseme na pua, mwombe muuzaji achomeke vijiti vya mrehani katikati, au wewe mwenyewe nunua mrehani kwa mama wa mboga. Nairobi, ukiwa kwenye vibanda vya maua vya City Market, watakufanyia bila kukushangaa.

Chagua kwa vidole. Bonyeza waridi taratibu pale kichwa kinapoungana na kikonyo: likiwa gumu ni bichi, likibonyea limekaa sana, hata kama petali za nje zimeshatolewa ili lionekane jipya. Wiki ya Februari 14 bei hupanda na ubora hushuka, kwa hiyo agiza mapema au mpe tarehe 16, na mwenye busara atakuelewa. Asumini kinyume chake haziagizwi mapema hata kidogo. Zinunue siku hiyo hiyo zikiwa zimefumba. Zilizofunguka alasiri, usiku zitakuwa zimekwisha kusema yote.

Joto la Dar es Salaam au Mombasa halina huruma. Ukifika, kata kikonyo kwa mshazari kiasi cha vidole viwili, ondoa kila jani litakalozama, badilisha maji kila baada ya siku moja, na weka chombo mbali na jua na mbali na bakuli la matunda. Ndizi zinazoiva hutoa hewa inayozeesha maua upesi.

Kadi ndiyo jina la kanga lililokosekana, kwa hiyo iandike wewe, usimwachie muuzaji aandike maneno aliyoyazoea. Taja sababu waziwazi: asante kwa kunilelea mtoto mwezi ule, pole kwa mguu, hongera kwa nyumba. Ukitaja sababu, hata rangi uliyokosea itasamehewa. Weka na jina lako kamili, maana zawadi isiyo na jina, ikifika nyumba ya mke wa mtu, mwenye kuulizwa ni yeye. Na kama unatuma kwa bodaboda, mpigie mpokeaji kabla dereva hajaondoka, umwambie ateke maji kwenye chombo, au kwenye jagi kama chombo hana.